Kumwamsha Pijo Tanga: Waja leo, huondoki leo!

WATU wa mjini wana msemo wao: Tanga, waja leo waondoka leo. Mimi niliuamini. Agosti 2024 nilikata tiketi ya kwenda Ijumaa alfajiri na ya kurudi Jumapili mchana. Nikabeba betri mpya ya gari ndani ya ndoo, dumu tupu la petroli na simu yenye chaji ya kutosha kunirekodi nikiwa nyuma ya usukani.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi kama sufi. Nafika, nafunga betri, natia mafuta, napiga ufunguo, natokea barabarani na Pijo 404 la marehemu baba. Washkaji wa Dar wanaona video, wanakufa kwa kijicho. Basi!

Msomaji wangu, nilirudi Alhamisi, kwa basi, vumbi puani na kucha nne zimekatika. Gari halikuwaka. Hata kuliwasha hatukujaribu. Na bado nakuambia sijawahi kufanya safari yenye faida kama ile. Kaa vizuri nikupe mkanda wenyewe.

BETRI KWENYE BASI

Balaa lilianzia kituo cha Magufuli, pale Mbezi. Kondakta alichungulia ndani ya ndoo akauliza, "Dada, hiyo ni nini?" Nikamwambia betri. Akaniangalia kama nimebeba nyoka. Tulivutana mpaka dereva akaingilia: betri ikae wima kwenye ndoo yake, nami niishike kwa magoti safari nzima. Zaidi ya kilomita 300 nimekumbatia betri kama mtoto mchanga.

Chalinze tukanunua mahindi ya kuchoma. Segera basi likakunja kulia, likawaachia wa Moshi na Arusha njia yao. Ukishapita Muheza na machungwa yake, unaanza kuona kile kilichoijenga Tanga: mkonge. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka.

Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kule Marekani. Iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62 tu! Kutokana na hiyo 62, katika miaka ya 1960 nchi hii ilifikia kuzalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Halafu bei ikaporomoka, dunia ikapenda kamba za plastiki, na mashamba mengi yakaota majani.

Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba mojawapo. Mwaka 1976 alinunua Pijo 404 la mwaka 1969, rangi ya maziwa, kutoka kwa bosi aliyekuwa anahama. Kwa karani hiyo ilikuwa kama kununua meli. Bibi anasimulia kwamba ile miaka ya uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana, baba alikuwa analiosha na kukaa ndani yake mlangoni, milango wazi, anasikiliza redio. Hakuendi mahali, lakini amevaa tai.

Mwaka 1993 gari liliingia kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba ya bibi, Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Halikutoka tena. Baba alifariki 2019.

LAKI NANE ZA BABA MDOGO

Niliposhuka Pongwe baba mdogo alinipokea. Nikaamkia, "Shikamoo baba mdogo." Akajibu, "Marahaba mwanangu," halafu macho yakatua kwenye ndoo. "Betri ya nini tena?"

Kumbe mwenzangu naye alikuwa na mpango wake. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshalipigia Pijo bei: shilingi laki nane, analibeba Jumatatu na kigari chake cha kuvuta. Pesa hiyo ingenunua mabati. Nyumba ya bibi inavuja vyumba viwili, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi naishi Dar, naja mara mbili kwa mwaka na keki. Yeye ndiye anayeweka ndoo chini ya paa usiku. Nikajikaza nikasema gari ni la baba. Akacheka bila furaha. "La baba yako, naam. Hata alipokuwa hai lilikuwa lake peke yake. Mimi nilipotaka kulipanda siku moja tu nilinyimwa."

Bibi akakohoa. Nikajua hapo pana kidonda, nikanyamaza.

Tukaenda bandani. Lahaula! Pijo lilikuwa limekaa kama bibi harusi aliyesahauliwa na msafara. Matairi chapati, kuku wamelala kwenye buti, buibui wametanda kioo cha mbele. Lakini umbo! Lile umbo lilichorwa na Pininfarina, Mwitalia, na kiwanda kikaanza kulitoa mwaka 1960. Mapezi mawili nyuma kama papa, taa za mbele zenye macho ya huruma, gia ya mkono pembeni ya usukani. Nilipoteza pumzi.

Nikaitoa betri kwenye ndoo. Baba mdogo akasema, "Ngoja. Kama unataka kuliwasha, kamlete fundi aliyekuwa akilihudumia. Yupo bado. Asije akasema mimi nilikuachia."

NGAMIANI KWA NAMBA

Fundi anakaa Ngamiani, Tanga mjini. Kama hujafika, ujue kule barabara zinakwenda kwa namba. Huambiwi mtaa wa fulani. Unaambiwa Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Nne, mpaka ya Ishirini na Moja. Hata mgeni hapotei, labda asijue kuhesabu. Baiskeli kwa wingi, nyumba za udongo na za ghorofa zinatazamana, na harufu ya mbaazi za nazi inakufuata kila kona.

Nilimkuta amekaa barazani na kofia yake, kahawa mkononi. Mzee wa miaka sabini na kitu. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwa jina la baba. Akakiweka kikombe chini. "Lile jeupe? Bado lipo?"

Basi, njia nzima ndani ya bajaji ilikuwa ni historia. Eti mimi kijana wa leo sijui 404 ni nini! Akanihesabia kwa vidole: mashindano ya Safari Rally, yale ya Kenya, Uganda na Tanzania, 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda 1966, ikashinda 1967, ikashinda 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 aliuchukua Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Ile ya 1963 na ile ya 1968, kwa tope lilivyokuwa, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mwaka. "Saba!" alisisitiza, akimpiga dereva wa bajaji begani kana kwamba kosa lilikuwa lake.

HUMWAMSHI KWA KOFI

Tulipofika bandani nikamwonyesha betri yangu kwa mashauo. Akaitazama, akaitazama Pijo, akanitazama mimi.

"Binti, mtu aliyelala miaka thalathini na moja, unamwamsha kwa kofi?"

Akanieleza. Gari likikaa muda mrefu, mafuta yote ndani ya injini hushuka chini kabisa. Juu kunabaki chuma kikavu. Ringi za pistoni zinaweza kushikana na kutu. Ukipiga ufunguo, starta inalazimisha chuma kikavu kusuguana na chuma chenye kutu, na dakika moja ya raha yako inakula injini nzima. Ukiwa na bahati mbaya zaidi unapindisha kitu ambacho hakipatikani dukani.

Akaagiza betri irudi kwenye ndoo. Kazi ya kwanza, alisema, ni kuangalia. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akachukua bisibisi kuukuu, akalala chali chini ya gari na umri wake ule. Tok, tok, tok. Anagonga kama daktari anayepima kifua.

"Land Rover ina chesisi yake, bodi ikioza unabadilisha. Hii bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ikioza chini, huna gari, una picha ya gari." Na upepo wa bahari Tanga una chumvi, haumhurumii mtu. Kwenye miguu ya dereva bisibisi ilipenya mpaka mpini. Moyo ukanishuka. Lakini kingo za chini ya milango, pande zote mbili, ziligoma. Sehemu zinazoshika springi, zikagoma. "Anachomelewa huyu," akasema kutoka chini. "Anachomelewa anapona."

Halafu akafungua boneti. Injini ya 404, ya lita 1.6, imeinamishwa upande nyuzi 45, ndiyo maana boneti lake ni fupi kwenda juu. Gari limelala, na injini nayo imelala! Nyaya zilikuwa zimeliwa na panya, mipira ya maji imekauka kama soli ya kiatu. Akazitoa plagi nne moja moja, akamimina kwenye kila tundu vijiko vichache vya oili nyepesi ya gia za otomatiki iliyochanganywa na dizeli kidogo. Akafunika matundu kwa vitambaa safi.

"Sasa tunasubiri."

"Saa ngapi?"

"Siku nne."

Nikapiga simu kazini nikaomba likizo. Waja leo, huondoki leo.

MAJI YALITANGULIA

Jumapili asubuhi tukamwaga oili. Fundi alitaka baba mdogo awepo, akamshikisha beseni. Nati ya chini ikalegea... na kilichotoka kwanza hakikuwa oili. Yalikuwa maji. Maji ya kutu, kikombe kizima na zaidi, kisha ndipo ikafuata oili nyeusi, nzito kama asali ya nyuki wadogo.

Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini. Lakini yaliingiaje? Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jambo. Pistoni za injini hii hupanda na kushuka ndani ya mabomba yanayoitwa slivu, na slivu hizi zinachomolewa. Nje yake yanapita maji ya kupooza injini. Chini kabisa kuna sili ndogo zinazozuia maji yasidondoke kwenye oili. Sili zikichoka, maji yanapita. Oili yenye maji haishiki chuma. Ukiliendesha gari hivyo, unaliua.

Mimi nilikuwa nikisafisha kidroo cha deshibodi, natoa risiti za petroli na kiota cha panya. Chini yake kulikuwa na daftari dogo la baba. Mwandiko wa karani, herufi zimesimama kama askari. Kila oili aliyobadilisha, kila tairi, kilomita zilizosomeka. Ukurasa wa mwisho nikausoma kwa sauti, bila kufikiri:

"14/3/93. Maji kwenye oili. Sili za slivu. Lisiwashwe mpaka zipatikane."

Beseni likatua chini. Baba mdogo akaniambia, "Rudia tarehe."

Nikarudia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda. Ndiye aliyesema: "Harusi yako ilikuwa Mfungo Mosi wa mwaka huo."

Hapo ndipo nilipoelewa kidonda. Mwaka 1993 baba mdogo alioa. Aliomba Pijo lipambwe limbebe bibi harusi, kutoka Pongwe mpaka Ngamiani, safari moja tu. Baba akamjibu kwamba gari ni bovu. Lakini gari lilikuwa limefika nyumbani kwa miguu yake wiki chache kabla, kila mtu alilisikia linavyonguruma. Bovu vipi? Baba mdogo alimwoa mkewe kwa teksi ya kukodi, na kwa miaka thalathini na moja akaamini kaka yake alimnyima kwa uchoyo. Hakusema. Baba naye hakueleza. Ndivyo walivyokuwa wanaume wa nyumba yetu. Na mwaka ule ule baba akapunguzwa kazi, sili hazikununuliwa, banda likafungwa.

Baba mdogo alilichukua daftari, akalisoma mwenyewe. Kisha akalisoma tena. Akatoka nje akakaa chini ya mnazi kwa muda mrefu, hakuna aliyemfuata. Aliporudi alimwuliza fundi swali moja: "Hizo sili bado zipo duniani?"

Zipo. 404 zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili, na zina wapenzi wengi Ulaya. Vipuri vyake vingine vinatengenezwa mpaka leo. Ila utaagiza, na utasubiri.

ROBO MZUNGUKO

Jumatatu mnunuzi wa chakavu alikuja na kigari chake. Nilijificha jikoni, sikutaka kuonekana nashinikiza. Nikasikia baba mdogo anamwambia, "Bwana, samahani kwa usumbufu, gari lina mgonjwa ndani, haliuzwi."

Lakini mabati? Paa halizibwi kwa machozi. Usiku ule tulikaa sebuleni tukapatana kama watu wazima. Mimi nichange mabati kwanza, kabla ya kununua hata plagi moja. Video na mashauo baadaye. Pili, tufungue mirathi. Kadi ya gari ina jina la marehemu, namba zake ni za mtindo wa zamani, na tangu 2019 hakuna aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Bila hati hiyo, hata likiwaka, ni gari la nani? Baba mdogo akakubali kuwa msimamizi. Mimi ndiye niliyempendekeza.

Jumanne fundi alifungua tenki. Harufu ikatutoa machozi: petroli ya miaka hiyo imekuwa gundi. Akanifundisha pia kuhusu difu. Yake haina meno ya kawaida. Ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, na vitabu vya kiwanda vya enzi hizo viliitaka oili iliyotokana na mbarika. Ndiyo, dada yangu, nyonyo, jamaa ya yale tunayopaka nywele! Tofauti ni kwamba ya difu inatayarishwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo usije ukamimina chupa ya saluni. Na haichanganywi na oili nyingine ovyo. Lazima ujue kwanza kilichomo.

Jumatano, siku ya nne, akaleta hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono kutokea mbele. Akampa baba mdogo. "Polepole. Ikikataa, usilazimishe."

Baba mdogo akaegemea. Kimya. Akaegemea tena. Pakasikika mlio mdogo kama wa mlango wa zamani, na hendeli ikaenda. Robo mzunguko tu! Fundi akasema "Inatosha, iache," lakini uso wake ulikuwa umepasuka kwa tabasamu. Injini haijaganda. Bibi akapiga kigelegele kimoja, cha harusi kabisa.

Hakuna moshi, hakuna mngurumo, hakuna video. Robo mzunguko.

NAWE UNA GARI LA BABU?

Sasa kwako wewe mwenye gari lililolala uani kwenu. Usiende na betri kama mimi. Tafuta kwanza aliyelijua likiwa zima. Ligonge chini kabla hujalipenda juu. Toa plagi, litilie oili, liache siku kadhaa, kisha lizungushe kwa mkono. Mwaga oili ya zamani uone kama kuna maji. Safisha tenki, kagua nyaya na mipira, fungua breki zote, maana kuwaka si kazi, kazi ni kusimama. Fuatilia kadi na mirathi mapema. Na pekua kidroo cha deshibodi, usitupe karatasi bila kuisoma.

Mabati yalipanda juu ya nyumba ya bibi Novemba 2024, mvua za vuli zikamkuta mkavu. Hati ya mirathi imetoka. Sili nazo zimefika, zimo kwenye kisanduku kidogo cha karatasi juu ya kabati la baba mdogo. Haruhusu mtu kukigusa.

Binti yake anaolewa mwakani, na msafara umeshapangwa: Pongwe mpaka Ngamiani. Fundi anasema tusiahidi. Baba mdogo anasema ameshaahidi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!